Lori la Mnada

Lilifika Ngamiani likivutwa kwa mnyororo,
namba za jeshi zimefutwa kwa brashi ya haraka.
Shemdoe akaligonga bodi, akacheka:
"Chuma cha zamani. Kutu imekiomba radhi."

Tuling'oa mabenchi.
Nyuma ya la mwisho, mtu alikwaruza kwa msumari:
"Mwanahawa, nikirudi"
Basi. Hapo msumari ulikoma.

Nikachomelea kitanda, meza ya kukunja, tangi la maji,
nikakata dirisha kwenye ubavu
ambao haukuumbwa kutazama nje.

Mwenyewe anataka kulala Mkomazi, Umba,
kokote lami inakokata tamaa.
"Rangi kote, fundi," kasema.

Nimepaka.
Nimeruka kiganja kimoja tu cha chuma,
juu ya mto wa kulalia,
pale atakapolaza sikio.