Radomíra Haogelei

Miaka miwili niliingoja nyongeza hii.
Nimetoka zamu ya usiku, karakana ya tramu, Brno,
mikono bado inanuka grisi,
nikalipa koruna mia nne na tisini,
nikathibitisha tena kwamba nimetimiza miaka kumi na minane
(nina hamsini na mitatu, na goti bovu)
nikaketi.

Usinicheke. Najua mchezo huu ni wa namna gani.
Najua kwa nini dirisha langu lina pazia zito,
na kwa nini dada yangu Květa akibisha hodi
nazima kioo kwanza, ndipo naitika.
Lakini ule wa awali ulinifunza subira:
saa thelathini nzima kabla hajaniambia jina lake.
Fundi saa, wa mashoto, mkavu wa maneno,
akipewa risiti huikunja mara nne.
Jioni moja alinionyesha viatu vya kaka yake Vilém,
vilivyokutwa ukingoni mwa bwawa
bila mwenyewe.
Tangu hapo Radomíra haogelei.
Hata beseni hulijaza nusu.
Na alipovua glavu mbele yangu, glavu tu, moja,
niliinuka nikaenda jikoni kunywa maji
kama mvulana.

Sasa hii.
Dakika ya tano yumo bwawani,
maji ya shingo, anacheka,
ananirushia matone kwa mkono wa kulia.
Nguo zake ziko juu ya jiwe. Hazikukunjwa.
Nilizitazama hizo nguo
kuliko nilivyomtazama yeye.

Nikasema labda ni pacha wake.
Labda ni ndoto, atazinduka.
Nikatafuta pa kumuuliza habari za Vilém:
kulikuwa na Mbusu,
na chini yake, Mbusu tena.
Akaingia mfamasia, akaingia mke wa mfamasia,
na Radomíra akampenda kila mmoja
kwa sentensi ileile.
Asubuhi aliapa hatamsamehe meya;
mchana yuko mapajani mwa meya,
na katikati hapana hata mstari.
Njia ya mwongo ni fupi:
hii ilikwisha supu yangu haijapoa.

Si uchi ulionikera. Uchi niliulipia.
Ni kwamba walianza kumvua kaka yake.
Wakamvua woga, wakamvua mkono wa kushoto,
wakamvua ile kununa kwake niliyokuwa naijua kama ngazi za nyumba yangu,
na walipofika kwenye blauzi
ndani hamkuwa na mtu.

Drahoš, tumelala chali chini ya tramu namba nne,
spana mkononi, akasema, watu hubadilika, bwana.
Hubadilika, ndiyo.
Ivana wangu alibadilika.
Lakini ilimchukua miaka kumi na mmoja,
na kila siku ya hiyo miaka kulikuwa na dalili,
kikombe kilichohamishwa rafu,
wimbo aliouacha nusu,
hata kama mimi sikuinua kichwa.
Mwandishi wa Radomíra hakuniwekea hata kikombe.

Usiku nikafungua mchezo wa zamani,
pale nilipouhifadhi, karakana yake, Novemba.
Ananirudishia chenji. Anakunja risiti,
mara moja, mbili, tatu, nne.
Nje mvua imeanza, mtaro umefurika.
Haongei.
Anavuta kigoda chake
mbali kidogo na dirisha.