Nina Jambo

Chumba changu kiko Gateshead, juu ya fundi wa funguo.
Mashine yake ikikata chuma sakafu hutetemeka,
na wateja wangu huacha sentensi katikati.
Siwaharakishi. Kuna sentensi
zinazohitaji kelele za jirani zipate pa kujificha.

Viti viwili. Havitazamani.
Vimeelekea dirishani, kama watu wawili
wanaosubiri mvua ya Mto Tyne ikatike,
kwa sababu kuna mambo huwezi kuliambia jicho
ila unaweza kuliambia bega.

Cheti hakiko ukutani. Kiko kwenye droo,
chini ya biskuti na betri za saa.

Bwana Hepple (si jina lake; nimeliazima
kwenye kibao cha duka la nyama)
alikuja Jumanne nne akanisimulia bomba la maji moto.
Linavuja. Fundi haji.
Namba ya fundi aliijua marehemu mkewe.
Jumanne ya tano nikamuuliza: aliiandika wapi?
"Nyuma ya kalenda. Kwa penseli."
Kisha akakaa. Dakika kumi na moja.
Sikukohoa.

Chuoni walisema: hesabu hadi tano, halafu sema neno.
Mama yangu alisema: ukifunuafunua sufuria
maharage hayaivi.
Mtihani nilifaulu kwa jibu la chuo.

Boksi la tishu lipo. Simpi mtu.
Limekaa mahali mkono unapofika wenyewe.
Nikikunyooshea tishu
nimekwambia, kwa adabu zote, basi, yatosha.
Nami nimekulia Korogwe, tulikobembelezwa kwa neno moja:
nyamaza.
Umeanguka, nyamaza. Umefiwa, nyamaza, mwanangu, nyamaza,
na kiganja cha mama mgongoni kikienda, kikirudi,
kama anayefuta ubao.
Alipofariki dada yangu nilinyamaza vizuri mno.
Wageni walinisifu.
Nikaendelea kwa miaka kumi na tisa.
Kazi yangu yote, ukiniuliza, ni hiyo:
kubaki na kile kiganja, kuliacha lile neno.

Nabintu (nalo si lake), wa Bukavu,
kupitia miaka saba ya kambi ya Nyarugusu,
aliletwa na barua ya daktari: hapati usingizi.
Nikamwamkia kwa mazoea.
"Hujambo?"
"Sijambo."
Tukatazamana, tukacheka kidogo, tukaacha kucheka.
Tangu tukiwa watoto tunaapishwa kila asubuhi
kwamba hatuna jambo. Hata msibani. Hata wodini,
mpira wa dripu mkononi: sijambo, sijui wewe.
"Nauliza tena," nikasema. "Hujambo?"
Akafungua zipu ya koti. Akaifunga.
"Nina jambo."
Hayo tu, wiki ile. Akaondoka na basi lake.

Msimamizi wangu anataka namba kwenye fomu,
sifuri hadi ishirini na saba.
Niliandika kumi na tisa. Sikujua niandike nini
kuhusu ile zipu.

Na nimewahi kuharibu.
Kijana mmoja, mchoraji wa chale, vidole vina wino,
alinieleza kuhusu kaka yake na lile daraja,
nami, kwa kuwa nilichoka, kwa kuwa nilikuwa na njaa,
nikamwambia: naelewa.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mzigo mbovu.
Hakurudi.

Saa yake sijampa mtu mwingine,
Alhamisi, saa tisa na nusu. Desemba hii
ndiyo saa ambayo giza linaanza kuingia.
Huwa nahamia kwenye kiti chake
nione alichokuwa akikiona:
mfereji wa paa, njiwa mmoja, nusu ya bango la mikopo.
Chini fundi anajaribu ufunguo, anautoa, anausugua,
anaujaribu tena.
Saa kumi na dakika ishirini nazima taa,
nafunga, nashuka.