Nguzo Haiketi

Badri, kaka yangu, aliniuliza mdomo umejaa mkate wa jibini:
"Ni kweli wanayosema, kwamba wewe ni feministi?"
Kwa sauti ile ya mtu anayeuliza
kama kikohozi chako kimeshapimwa.

Zestafoni, Novemba, ubatizo wa binti yake.
Wanaume kumi na wanne, viti kumi na vinne.
Mjomba Jumberi, mkuu wa meza,
alishamnywea Mungu, akainywea amani, akawanywea marehemu,
sasa akainuka, tumbo likamtangulia,
akapandisha pembe ya divai:
"Kwa wanawake wetu!"
Wote wakasimama. Wakanywa wima, kwa heshima.
Wanawake wenyewe tulikuwa jikoni tukitwanga kokwa za jozi.
Heshima yetu tuliisikia ukutani.

Mjomba ana hoja, na hoja yake ni tamu.
Katika lugha yetu mji mkuu ni mji-mama,
ardhi ni udongo-mama,
na ile nguzo ya kati ya nyumba za kale,
iliyobeba paa zima na theluji yake,
ni nguzo-mama.
"Sasa mnataka nini zaidi?"

Mimi niliyesoma Tbilisi,
nikarudi na vitabu vimenikandamiza mapaja kwenye basi,
nilikuwa na jibu lenye aya na tanbihi.
Likanitoroka.
Kilichobaki mdomoni ni hiki tu:
nguzo haiketi.
Na sijasikia aliyeiuliza nguzo kama imevimba miguu.

Lugha hiyohiyo haijui mke wala mume katika neno "yeye".
Yeye amekuja. Yeye amelala. Yeye amelipwa.
Sikio halitambui nani.
Lakini ngoja sahani zianze kukusanywa:
hapo kila mtu anajua yeye ni nani.

"Usinitie kwenye neno hilo,"
shangazi Tsiala akasema, mgongo wake kwetu, uso kwenye mvuke.
"Mimi si feministi. Mimi niliendesha kreni."
Miaka ishirini na miwili juu ya chuma kilichoyeyuka,
ndoo ya moto ikining'inia kwenye kidole chake,
wanaume wadogo kama punje huko chini
wakimwomba Mungu asipige chafya.
Akishuka, sokoni. Kutoka sokoni, jikoni.
Mshahara alimkabidhi mumewe, bahasha haijafunguliwa,
isipokuwa mwezi mmoja wa Machi
ambao hajawahi kunisimulia.
Akiukumbuka hucheka peke yake, huku anakoroga.

"Ndiyo," nikamjibu Badri.
"Ndiyo, halafu maana yake nini?"
"Maana yake nina njaa,
na chakula hiki nimekipika mimi."

Si jibu la mtu aliyesoma. Najua.
Nikalichukua kreti la chupa tupu,
nikaliburuta hadi kona ya meza, kati ya kaka na mjomba,
likaukwaruza ubao wa sakafu
katikati ya sifa za mababu.
Nikakaa. Magoti yaligonga mguu wa meza.
Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyesogea.
Mjomba aliitazama pembe yake
kana kwamba imetoboka.

Ndipo mtoto akalia chumba cha pili.
Mara ya kwanza siku ile
wanaume wakatazamana
kutafuta nani ataondoka mezani.
Akalia tena. Mimi nilikuwa natafuna.
Badri akaweka uma chini, polepole,
kama mtu anayeweka silaha, akaenda.

Shangazi Tsiala akatokea na sinia la mwisho, mikono imelowa.
Akaliangalia kreti, akalipima
kwa jicho la mtu aliyezoea tani.
Kiti cha Badri kilikuwa wazi. Hakukigusa.

"Sogea," akaniambia.