Kesi ya Kilimani

Kalunde, fundi wa Isevya, hasemi akiwa na moto mkononi.
Amelifungua gemu letu kama anayepasua sato,
akapuliza vumbi la Urambo, mabawa ya mende,
akaikagua chipu kwa lenzi ya kusomea ya marehemu baba yake.

Miguu mia moja. Kila mguu na waya wake,
mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Risasi inayeyuka, inatulia, inang'aa:
tone la asali juu ya ncha ya sindano.
Umeme ukakatika mara mbili. Tukangoja. Hakutukana.

Luninga ya kichogo ilikufa na tundu lake la njano;
hii mpya, bapa, haijui lugha ya zamani.

Nami nilikuwa na kesi.
Raundi ya tatu, kilimani, kuna kitu cha kahawia.
Kaka yangu Mihayo alisema mbwa,
mimi nikasema jiwe.
Tulitwangana, mama akaficha pedi ndani ya debe la mchele.
Tukaoa, tukazika, kesi ikabaki.
Zile chenga zilimpa kila mtu alichotaka.

Kalunde akachomeka. Picha ikaja kavu, kali,
kila kidoti kimesimama mahali pake.
Nikapanda kilima, kidole gumba kinatetemeka.

Kisiki.
Kisiki chenye jani moja la kijani.

Nikampigia Mihayo, bado yuko Urambo. Akanyamaza kidogo.
"Mwambie huyo fundi wako," akasema,
"kuna waya amekosea."