Watasema

Mbwa wangu anaitwa Watasema.
Jina nililirusha juu ya ua, liwafikie wenyewe,
mwaka ule nilipobaki peke yangu na ng'ombe mmoja
na kufuli lisilofungika.

Na walisema.
Walisema zaidi aliponizalia watano, mvua za Aprili,
nami nikawapa maziwa, nikawapa gunia, nikadhani yatosha.
Wiki ya saba wa kwanza aligoma kunywa.
Jioni akatapika povu. Usiku akaharisha damu
yenye harufu ambayo, ukiinusa mara moja,
huiulizi tena jina.
Kufikia Jumapili nilikuwa nimechimba mara tano
nyuma ya migomba, kwa jembe la kupalilia,
Watasema akinifuata, chuchu zimejaa,
akinusa kila shimo kama anayehesabu.

"Ni pavo," alisema Kageha wa duka la dawa za mifugo, pale Mbale.
"Haimpati mtu. Lakini hukaa udongoni hata mwaka,
hupanda viatu, husafiri na matairi.
Jiki huiua kwenye saruji. Kwenye udongo, hapana."

Mimi sina saruji. Nina udongo,
huu wetu mwekundu wa Maragoli, unaoshika kila kitu:
nyayo, mbegu, makaburi, na hili pia.

Basi safari hii nimejenga.
Kibanda juu ya nguzo nne, kama ghala la mahindi,
sakafu ya mbao, ngazi nimeiondoa.
Wanne wanalala huko juu, wakiitazama dunia
kupitia nafasi za fito.
Langoni nimeweka beseni la maji na Jiki:
mchungaji alikanyaga, naibu wa chifu alikanyaga,
mwanangu Amugune alikanyaga akinung'unika,
viatu vyake vya Nairobi vikatoka na mabaka meupe.

Chanjo tumeileta ndani ya chupa ya chai,
barafu ya muuza samaki ikigongagonga,
mimi nimeikumbatia juu ya bodaboda, mlima mzima,
Kageha nyuma yangu na sindano zake.
Mia nane kwa kila mmoja. Mara tatu.
"Mia nane! Kwani mbwa ataenda sekondari?"
Huyo ni Vugutsa, jirani. Alicheka hadi akashika mti.

Leo alfajiri Vugutsa yuko langoni.
Hacheki. Ndani ya sweta la shule la binti yake
kuna kitu kidogo kinachopumua kwa shida.
Ile harufu ilinifikia kabla ya salamu.

Nikanyoosha mkono, nikasema: Usiingie.

Jirani wa miaka ishirini,
aliyenishikia kamba tulipozika baba Amugune,
nikamwambia asiingie.
Nikampitishia juu ya ua maji ya chumvi na sukari,
namba ya Kageha, Jiki iliyobaki,
kisha nikaenda kunawa hadi kwenye viwiko.
Sindano ya tatu ni Ijumaa.
Huko juu wanne wanabweka, hawajui lolote,
wanataka kushuka.

Nilimsikia akiondoka, taratibu,
akimwambia yule wa ndani ya sweta
maneno ambayo mtu humwambia mtoto.
Watasema alimsindikiza kwa macho hadi kwenye kona.
Hakubweka.