Hodi kutoka Ndani

Nyonga ilivunjika Februari, kwenye barafu ya kizingiti,
na tangu hapo Vlastimil ana miguu minne ya alumini
na kiti cha jikoni kando ya dirisha,
palepale nilipozoea kusimama mimi
nikimenya viazi, nikiutazama mgongo wake bustanini.
Sasa yeye ndani, mimi nje.
Nyumba imegeuzwa kama soksi.

Mimi si mtu wa udongo. Niliuza stempu
kwenye posta ya mji huu mdogo wa Moravia hadi nikastaafu;
kucha zangu zilijua wino tu.
Bustani ilikuwa yake, kama injini ya gari, kama ukimya.
Mimi nilipokea mlangoni:
figili zenye tope, kabichi yenye wadudu,
"haya, pika."

Juni imeingia. Watakatifu wa barafu wamekwisha kupita,
wale watatu wa Mei, na nyuma yao Sofia,
ambaye wazee wanasema hulojoesha mashamba.
Kabla yao usitoe mche nje, ameapa Vlastimil,
jalidi itaupiga usiku mmoja tu
uamke umekuwa mlenda.
Basi miche imekaa ndani majuma saba
kwenye vikopo vya mtindi,
imerefuka, imepauka,
shingo nyembamba kama watoto wa kwaya.

Leo naitoa.
Sauti yake haipiti vioo vya tabaka mbili,
kwa hiyo tumetunga lugha ya kidole:
ngo, sogea kushoto.
Ngo-ngo, basi, maji yametosha.
Ngo-ngo-ngo, mwanamke, umekanyaga karoti!

Asubuhi nzima nimegongewa.
Nachimba hapa: ngo. Nahama: ngo.
"Mnyanya uzike hadi kwapani," aliniagiza wakati wa chai,
"utaotesha mizizi popote utakapofunikwa."
Nikauzika. Mikono ikanuka ule ukali wa kijani
ambao kwa miaka thelathini na minane niliufua mashatini
bila kuuliza unatoka wapi.
Bi Kvapilova akapita na baiskeli yake:
"Unamfukia nani, jirani?"
"Bado," nikamwambia. "Huyu wangu bado anatoa amri."

Jioni, maji.
Si ya bomba; ya bomba yana baridi, hushtua mizizi.
Ya pipa la mvua, yaliyoshinda juani,
yenye mabuu ya mbu na kipande cha wingu.
Kopo la bati, lita kumi, linavuja kisiginoni,
kiatu changu cha kushoto kimekuwa mmea wa tano.
Karoti, haba na haba. Saladi, chini ya majani, si juu.
Maharage: ngo-ngo. Sawa, bwana, nimesikia.

Nikafika kwenye matango.
Nikamwaga, nikangoja kugongewa.
Kimya.
Kioo kilikuwa kimejaa jua la machweo,
sikuuona uso, sikuona hata kivuli cha bega.
Ningeweza kwenda kuchungulia. Ni hatua kumi na mbili.
Miguu ilikataa.
Nikafanya jambo la kijinga: nikaendelea kumwaga.
Tuta likalewa. Maji yakazidi udongo,
mche mmoja ukainuka ukaelea, majani mawili juu,
kama mtu anayejifunza kuogelea bila mwalimu.
Yakimwagika hayazoleki, najua,
nami nikayamwaga yote, kopo zima,
kisha nikachota jingine,
macho kwenye kioo chekundu,
nikiharibu kazi yake mbele yake makusudi.

Ngo-ngo.

Halafu ngo-ngo-ngo, halafu zisizohesabika,
kiganja kizima sasa, kioo kikitetemeka kwenye fremu,
matusi ya miaka thelathini na minane
kwa ajili ya tango moja.

Nilisimama topeni hadi vifundoni.
Sikugeuka upesi.
Nilitaka kuzisikia zote.