Mkalimani wa Mvuke

Uvinza, mwezi wa sita. Maji ya Ruchugi yameshuka,
chemchemi zimebaki uchi kwenye tope jeusi,
na hakuna anayeinjika chungu cha chumvi
kabla bibi hajaketi.
Kigoda chake kilikuwa cha miguu mitatu,
mmoja mfupi; tuliupandishia kipande cha reli.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa mdomo.
Bibi Nyanzobe alikaa juu ya mvuke,
kaniki kutoka utosini hadi magotini,
kwanza kikohozi, kisha kimya,
kisha maneno ya Kivinza cha kale, yamemeguka kama magadi,
hata shangazi zangu waliambulia nusu.
Mimi niliyageuza Kiswahili
kwa ajili ya waliotoka mbali:
Mnyamwezi wa Urambo aliyeibiwa ng'ombe,
Mmanyema wa Ujiji na ndoa yake isiyozaa,
karani wa stesheni aliyeulizia, kwa kunong'ona, uhamisho.
Walileta shanga nyeupe, unga wa mtama, kuku asiye na doa.
Karani alileta betri za redio.
Bibi alizipokea.

Sikudanganya. Mwanzoni sikudanganya.
Nilipunguza tu, kama unavyopunguza chumvi
kwenye mboga ya mgonjwa.
Bibi akisema "shimo," nilisema "safari."
Akisema "moto," nilisema "uangalie jiko lako."

Ndipo akaja Mama Bukuru, wa Nguruka.
Pacha wa Bukuru, Butoyi, alidandia treni ya mizigo
akiwa na miaka kumi na sita
na viatu vya nduguye.
"Atarudi?"
Mvuke ukapanda. Bibi akakohoa. Akasema
(nalikumbuka kila neno, hata leo nikionja mchuzi):
Chumvi ikirudi majini, usiitafute kwa mkono.

Mama yule alinitazama mimi, si bibi.
Miguu yake ilikuwa na vumbi la siku mbili.
Nikasema, "Anasema atarudi."

Sekondari, mwalimu wa historia alituambia
kuna mwanamke zamani, huko Ugiriki,
alikalia kigoda cha miguu mitatu juu ya ufa wa mwamba,
na wanaume pembeni wakageuza mlio wake
kuwa mashairi yenye vina.
Nilinyoosha mkono.
"Na hao wanaume, mwalimu, usiku walipata usingizi?"
Akasema hilo haliulizwi kwenye mtihani.

Miaka kumi na tisa.
Kila jioni sahani ya Butoyi mezani, imefunikwa kwa kawa.
Upepo ulipoezua paa, mama alikataa kuhamia kwa Bukuru:
"Akija, atanikosa."
Bukuru mwenyewe aliniambia, sokoni, akinipimia dagaa,
bila hasira, kama anayetaja bei.
Mama alizikwa Jumanne.
Sahani waliikuta imeoshwa.

Nilikwenda kwa bibi moja kwa moja, dagaa mkononi.
Alikuwa hawezi tena kuketi, alilala ubavu kuelekea ukuta.
Nikamwambia yote, shimo, moto, Butoyi.
Akacheka hadi nikamshika mgongo.
"Mimi? Mimi nilisikia maji yakichemka, mjukuu wangu.
Mama yangu naye alisikia maji yakichemka.
Nilisema lililonijia mdomoni,
kisha nikangoja utakalosema wewe,
na ukishasema, najua: kumbe ndilo.
Nilidhani anayesikia ni wewe."

Dagaa walinuka chumba kizima.
Hakuna aliyewapika.

Sasa ni mwezi wa sita tena.
Kiwanda kina pampu zake, lakini wanawake wa vyungu
walikuja jana, na unga, na kuku wanayedai ni mweupe.
Nimekitoa kigoda nje. Kipande cha reli kimeshika kutu,
bado kinatosha.
Binti yangu amesimama pembeni,
midomo imeachana kidogo,
anangoja nikohoe.